Kisu cha mawimbi: kigeuze kwanza utazame mgongo

Mzazi mwenzangu, kisu cha jikoni cha chuma cha Dameski huvutia kwa mawimbi yake, na bei yake si ndogo. Kabla hujatoa pesa, kikague.

Siku hizi chuma hiki hupatikana kwa kuunganisha motoni matabaka ya vyuma viwili. Vinavyotumika sana ni 1095, chenye kaboni nyingi, na 15N20, chenye nikeli. Vikitiwa asidi, cha kwanza huwa cheusi na cha pili hubaki kinang'aa. Hayo ndiyo mawimbi.

Sasa tazama mgongo wa kisu: mistari ya matabaka ionekane hapo pia. Kama mgongo ni mtupu, huenda mawimbi yamechorwa juu tu.

Muulize muuzaji: ni vyuma gani, na je, kisu kilipashwa moto kikazimwa ili kiwe kigumu? Ugumu ndio unaotunza makali, si urembo. Akikosa jibu, mwachie kisu chake. Kisu butu huteleza na kukata vidole.

Ukishanunua, kioshe kwa mkono na ukikaushe papo hapo, maana 1095 hushika kutu. Kisha kiweke mbali na watoto.