Sura ya Nne: Kijana wa Malindi

Aliyekulia jirani na mwalo, huku kwetu Kimwani, anajua jinsi mtoto anavyosomeshwa na wageni. Mitumbwi inaingia alfajiri, dagaa wanashushwa, na habari zinashuka pamoja nao: nani kazama, nani kakimbia deni, nani kaoa kisiwani. Mtoto anasikiliza, wala hakuna anayemfukuza. Abdulrazak Gurnah alilelewa vivyo hivyo, ila kando ya bahari. Alizaliwa Unguja tarehe 20 Desemba 1948, akakulia Malindi, mtaa wa bandarini. Kaskazi ilileta majahazi ya Arabuni na Bara Hindi, kusi ikayarudisha kwao.

Mji huo ulitikisika akiwa katika umri mgumu kuliko yote. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, zikiwa zimebaki siku kumi atimize miaka 15. Tarehe 12 Januari 1964 yakaja Mapinduzi. Watu wengi, hasa wa asili ya Kiarabu, waliuawa; wengine wakafungwa, wengine wakakimbia. Familia yake, yenye asili ya Yemen, ikawa miongoni mwa waliotazamwa kwa jicho baya. Mtoto mdogo husahau, na mtu mzima ana la kusema. Kijana wa miaka 15 anaona kila kitu, na hana analoweza kufanya. Alipokuwa na miaka 18 akaondoka kwenda Uingereza.

Hapa ndipo wasomaji wengi wanapoteleza. Riwaya yake ya kwanza, Memory of Departure, ilitoka mwaka 1987. Msimulizi wake, Hassan, ni kijana wa miaka 15 katika mji wa pwani usiotajwa jina, na baba yake ni mlevi anayewapiga watu wa nyumbani. Msomaji anarukia kusema: kumbe baba yake Gurnah alikuwa hivyo! La hasha. Kufanya hivyo ni kumsingizia marehemu. Kwa maoni yangu, hofu iliyotanda mitaani mwaka 1964 mwandishi ameiingiza ndani ya nyumba moja, akaipa mkono wa baba, ili tuione kwa karibu. Alichokichukua Malindi ni ile hali ya kijana asiye na nguvu na anayetamani kuondoka. Matukio aliyatunga.

Tazama inavyorudi. Katika Paradise, ya mwaka 1994, Yusuf ana miaka 12 anapochukuliwa na mfanyabiashara kwa sababu ya deni la baba yake, naye hajui kwamba amewekwa rehani. Katika Gravel Heart, ya mwaka 2017, Salim ana miaka saba baba yake anapohama nyumbani, wala hakuna anayemweleza sababu. Zama ni tofauti, nyumba ni tofauti. Wakubwa wanaamua, na mtoto anakuja kujua baadaye sana.

Jambo la namna hii haliandikwi upesi. Gurnah hakurudi Zanzibar hadi mwaka 1984, akamwona baba yake muda mfupi kabla hajafariki. Tuzo ya Nobel ya Fasihi aliipata mwaka 2021.

Mwaka 2022 Ida Hadjivayanis alituletea Paradise kwa Kiswahili, kwa jina la Peponi. Isome kabla hujaingia sura ijayo, na unapokutana na Yusuf pale stesheni ya treni, usimtafute Gurnah. Mtazame Yusuf.