Si Kila Maumivu ni ya Uvimbe

Mgonjwa wa neurofibromatosisi anapolalamika kwamba mkono unamchoma na vidole vinamfa ganzi usiku, lawama huangukia uvimbe mara moja. Aina ya kwanza ya ugonjwa huu humpata takriban mtoto 1 kati ya 3,000 wanaozaliwa, na uvimbe wake huota kwenye neva zenyewe. Hata hivyo, neva hizo hupita pia katika njia nyembamba za kiwiko, kifundo cha mkono, kando ya goti na kifundo cha mguu. Humo zinaweza kubanwa, kama zinavyobanwa za mkulima wa Uasin Gishu anayekamua ng'ombe kwa mikono miaka nenda miaka rudi. Ndiyo maana nashikilia kwamba mgonjwa huyu asiambiwe avumilie kabla ya kuchunguzwa kama ana neva iliyobanwa.

Mwaka 1973, Upton na McComas walipendekeza katika jarida la Lancet kwamba neva iliyoumia mahali pamoja huathirika upesi ikibanwa kwingine. Dhana hiyo bado inajadiliwa, lakini kwa neva ambayo tayari ina uvimbe inaeleweka: mpira wa maji uliokanyagwa mara mbili hupitisha maji zaidi ukiondolewa hata mguu mmoja. Katika upasuaji wa kulegeza neva, daktari hukata utepe mgumu unaoikandamiza, bila kuikata neva wala kuugusa uvimbe. Kwenye kifundo cha mkono, mara nyingi dawa ya ganzi ya sehemu hiyo tu hutosha.

Wapo wanaohofia kwamba tukishughulikia kifundo tutaipuuza saratani. Hofu hiyo ni ya haki, kwa kuwa takriban wagonjwa 8 hadi 13 kati ya 100 wa aina ya kwanza hupata saratani ya neva maishani. Uvimbe unaokua haraka, unaokuwa mgumu au unaouma bila kukoma lazima upigwe picha ya MRI kwanza. Wengine husema ushahidi kwamba upasuaji huu huwasaidia umetokana na wagonjwa wachache. Ni kweli, maana ugonjwa wenyewe ni adimu. Lakini kuigonga neva kwa kidole na kuuliza ganzi inafika kidole kipi hakuna gharama. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret, hupokea wagonjwa kutoka magharibi mwa Kenya na kufunza madaktari. Uchunguzi huu ukifundishwa wodini humo, utafika hadi zahanati ambako mgonjwa huanzia, na atapelekwa kwa mpasuaji kabla misuli ya mkono haijanyong'onyea.