Mlo wa bei nafuu uko kwenye kona ya grafu

Mwaka 1945 mchumi wa Marekani, George Stigler, aliuliza: mtu mzima ale nini apate virutubisho vyake kwa fedha kidogo kabisa? Kati ya vyakula 77 alibakiza vitano: unga wa ngano, maziwa ya kopo, kabichi, spinachi na maharagwe makavu. Kwa bei za 1939 gharama ilikuwa dola 39.93 kwa mwaka. Kwa kiasi fulani alikisia. Mwaka 1947 njia mpya ya mwanahisabati George Dantzig ilipata jibu kamili: dola 39.69.

Vyakula vikiwa viwili tu, penseli na karatasi ya grafu vinatosha. Weka unga wa mahindi kwenye mhimili wa ulalo na maharagwe kwenye wa wima, kila hatua gramu 100. Kiasi hicho cha chakula chochote kati ya hivyo kina kalori zipatazo 350. Protini ni kama gramu 8 kwenye unga na 20 kwenye maharagwe. Tuseme mlaji anahitaji angalau kalori 2,100 na protini gramu 60 kwa siku. Mstari wa kalori unatoka 6 za unga hadi 6 za maharagwe. Wa protini unatoka 7.5 hadi 3. Mlo unaofaa ni ule usio chini ya mstari wowote kati ya hiyo miwili.

Sasa bei. Tuchukulie gramu 100 za unga ni shilingi 150, za maharagwe 300. Chora mstari wa gharama, usogeze kuelekea sifuri bila kuubadilisha mwinamo. Utakapogusa eneo la milo inayofaa kwa mara ya mwisho, utakuwa kwenye kona, kwa hiyo hakuna haja ya kupima kila nukta. Pima kona tu: maharagwe matupu yanagharimu 1,800; unga mtupu 1,125; unga 5 na maharagwe 1, pale mistari inapokatana, shilingi 1,050. Mchanganyiko umeshinda.

Lakini maharagwe yakipanda hadi 400, mchanganyiko unafika 1,150, na jibu linarukia kona ya ugali mtupu! Hesabu haijakosea: haikuambiwa kwamba protini ya mahindi ina upungufu wa laisini, asidi ya amino ambayo maharagwe yanayo kwa wingi. Wapangaji wa milo ya shule, liandikeni sharti la laisini, na la madini ya chuma, kabla ya kuchora mstari wa bei.