Gari Linapokataa Kuingia Gia

Gari la chama likikataa kuingia gia kati ya Itungi na Kyela, na kakao ya wanachama ikiwa juu yake, katibu asiidhinishe giaboksi ishushwe kabla ya jaribio moja. Gharama hiyo, hata hivyo, hutoka mfukoni mwa wakulima.

Magurudumu yawekewe mawe, injini izimwe, kisha dereva akanyage klachi na kujaribu gia zote. Moja ikikwama, gari lisukumwe kidogo, ijaribiwe tena. Zikiingia vizuri, lakini injini ikiwashwa zikakataa au kukwaruza, yamkini klachi ndiyo haikati. Kwa klachi ya mafuta, kikopo chake kitazamwe kwanza: huenda mafuta yamevuja na hewa imeingia. Pedeli izamayo bila kurudi ni dalili yake. Kuongeza mafuta pekee hakutoshi. Panapovuja parekebishwe na hewa itolewe. Aidha, gari lililopita majini wakati wa masika, kisha likaegeshwa siku nyingi, sahani ya klachi huweza kunata kwa kutu.

Gia zikikataa hata injini ikiwa imezimwa, hapo zikaguliwe fimbo za gia, kisha giaboksi yenyewe. Matokeo yaandikwe katika daftari la gari, ili ankara ya fundi ilinganishwe nayo kabla ya kulipwa.