Kenya 52, Singapore 48: alama za uhuru ni za nani?

Katika ripoti yake ya mwaka 2024, Freedom House, shirika la Marekani linalopima uhuru duniani, iliipa Kenya alama 52 kati ya 100. Singapore ikaambulia 48. Mwaka huohuo Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, lilitoa fahirisi ya maendeleo ya binadamu, na huko mambo yakageuka: Singapore 0.949, nafasi ya 9 duniani, Kenya 0.601, nafasi ya 146. Mtoto anayezaliwa Singapore anatarajiwa kuvuka miaka 80. Wa Kenya, kwa hesabu za ripoti hiyo, takriban 62.

Zipeleke namba hizi kijiweni uone ubishi. Mmoja atasema uhuru hauliwi: Singapore imetawaliwa na chama kimoja tangu 1959, lakini karibu watu wanane kati ya kumi wanaishi kwenye nyumba zilizojengwa na serikali. Mwenzake atamkumbusha kwamba Kenya ndiko Mahakama ya Juu ilikofuta uchaguzi wa rais mwaka 2017, na ndiko vijana walikoingia barabarani Juni 2024 hadi Muswada wa Fedha ukaondolewa, ingawa wapo waliolipa kwa maisha yao. Wote wawili wana hoja. Tatizo ni kwamba namba wanazorushiana hazikutengenezwa kujibu swali lao.

Tuanze na ya UNDP, maana hesabu yake iko wazi, mwanafunzi wa sekondari anaweza kuirudia kwa kikokotoo. Ilianzishwa 1990 na mchumi wa Pakistan, Mahbub ul Haq, akishirikiana na Amartya Sen, kwa lengo la kuwaondoa watawala kwenye ulevi wa pato la taifa. Inachukua vitu vitatu: umri wa kuishi, miaka ya shule na kipato. Kipato hakiingii kikavu. Hupitishwa kwenye logarithimu, kuanzia dola 100 kwa mwaka hadi 75,000. Matokeo yake, kila kipato kinapoongezeka maradufu, alama ya kipato hupanda kwa takriban 0.105, uwe maskini au tajiri. Nchi inayotoka dola 2,500 kwenda 5,000 kwa kila mtu hupanda sawasawa na inayotoka 25,000 kwenda 50,000. Ya kwanza imeongeza dola 2,500, ya pili 25,000, malipo ni yaleyale. Mimi naona hapo walipiga hesabu ya haki: mia mbili ya mwenye njaa si mia mbili ya aliyeshiba. Ukivuka 75,000, huongezewi kitu.

Tangu 2010 alama hizo tatu huzidishwa kisha kutafutiwa kipeo cha tatu, badala ya kujumlishwa na kugawanywa kwa tatu. Nchi yenye 0.9, 0.9 na 0.3 ingepata 0.7 kwa njia ya zamani; kwa njia mpya inapata 0.62 hivi. Fedha za mafuta hazifuti tena ujinga na maradhi kirahisi.

Lakini hakuna mahali katika hesabu hiyo panapouliza kama unaweza kumkosoa mkuu wa wilaya ukalala nyumbani kwako.

Hilo ndilo linaloulizwa na Freedom House. Ina maswali 25, kumi ya haki za kisiasa na kumi na tano ya uhuru wa raia, kila moja likiwa na alama 0 hadi 4. Jumla 100. Namba hizi hazitoki kwenye sensa wala kwenye vituo vya afya. Ni hukumu za wachambuzi waliokaa, wakasoma, wakabishana na kukubaliana. Si lazima ziwe za uongo kwa sababu hiyo, ila zisomwe kama tunavyosoma alama za insha, si kama uzito uliotoka kwenye mizani.

Tanzania ni mfano mzuri wa jinsi vipimo viwili vinavyoweza kuipima nchi moja kwa njia mbili. Kwenye orodha ya uhuru wa vyombo vya habari ya shirika la Waandishi wa Habari Wasio na Mipaka, yenye nchi 180, ilikuwa ya 143 mwaka 2023, ikaruka hadi ya 97 mwaka 2024, kisha ya 95 mwaka 2025. Ngazi 46 kwa mwaka mmoja! Lakini mapema mwaka 2025 Freedom House iliishusha Tanzania kutoka kundi la nchi zenye uhuru nusu hadi kundi la zisizo huru. Nani anadanganya? Hakuna. Orodha ya kwanza inaangalia vyombo vya habari peke yake, tena kwa nafasi, na nafasi hupanda hata kama hukusogea, ilimradi jirani yako ameporomoka. Ya pili inatazama chaguzi, vyama, mahakama na mikutano. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa na Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Aliyekuwa akimtafuta nduguye kwenye simu usiku ule hakuwa na haja ya kujua nchi yake ni ya ngapi.

Kuna kasoro nyingine ambayo vipimo vyote hivi vinaibeba, na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote: alama hupewa nchi, wakati ndani ya nchi moja watu hawaishi maisha mamoja. Chukua Qatar. UNDP iliipa 0.875, nafasi ya 40, na pato lake kwa kila mtu linapita kile kikomo cha dola 75,000. Freedom House iliipa 25 kati ya 100. Takriban watu tisa kati ya kumi wanaoishi Qatar si raia. Wengi ni wafanyakazi wa mkataba, na miongoni mwao wamo Wakenya na Waganda wanaolinda milango na kufagia hoteli.

Tangu Machi 2021 kima cha chini cha mshahara Qatar ni riyali 1,000 kwa mwezi, pamoja na riyali 500 za malazi na 300 za chakula iwapo mwajiri hatoi vyenyewe. Riyali 1,000 ni kama dola 275, au Sh35,500 za Kenya. Kima cha chini cha kibarua wa kawaida Nairobi, baada ya nyongeza ya mwishoni mwa 2024, ni Sh16,113. Kwa hiyo anayepanda ndege kwenda Doha anaongeza mshahara zaidi ya mara mbili, na kwa karatasi za Freedom House anapoteza zaidi ya nusu ya alama za uhuru, kutoka 52 hadi 25. Biashara hiyo watu wanaifanya kila wiki wakiwa na akili timamu, na haihitaji mahubiri ya mtu aliyeshiba.

Ila tuangalie anapata maisha ya nani. Dola 275 kwa miezi 12 ni 3,300. Hata tukikiri kwamba zile 75,000 zimerekebishwa kulingana na bei na hizi hazikurekebishwa, pengo ni la mara ishirini na zaidi. Yule 0.875 anayetajwa kwenye ripoti si yeye. Uhuru nao vilevile: hadi mageuzi ya 2020, mfanyakazi mgeni alihitaji kibali cha mwajiri wake ili ahamie kazi nyingine. Raia wa Qatar hakuwahi kuijua kero hiyo, japo wote wawili wamewekwa kwenye 25 ileile.

Kisha kuna uhuru wa kusafiri, ambao bei yake imeandikwa waziwazi dirishani. Tangu Juni 2024 ada ya visa ya Schengen, ya kuingia Ulaya, kwa mtu mzima ni euro 90. Kwa takriban Sh2,900 za Tanzania kwa euro, hiyo ni Sh261,000. Kima cha chini cha mtumishi wa umma Tanzania, baada ya kupandishwa Julai 2025, ni Sh500,000 kwa mwezi. Kwa siku 22 za kazi, mtumishi huyo anafanya kazi siku 11 na nusu ili alipie maombi tu, kabla ya bima yenye kinga isiyopungua euro 30,000, taarifa za benki na tiketi.

Mjerumani anayelipwa kima cha chini cha kwao, euro 12.82 kwa saa mwaka 2025, angezipata hizo 90 kwa saa saba. Ila yeye hadaiwi. Anadaiwa dola 50 za visa ya Tanzania, ambazo anazimaliza kwa saa tatu na nusu, yaani kabla ya chakula cha mchana. Freedom House huuliza kama serikali yako inakuruhusu kusafiri. Haiulizi kama serikali ya wenzako itakufungulia mlango. UNDP haigusi suala hilo kabisa. Na mtumishi wetu akinyimwa visa, ile Sh261,000 hairudishwi.