Leseni ya urubani ni mwanzo tu wa gharama

KUZAA si kazi, kazi ni kulea. Methali hii inamwafiki barabara mtu aliyepata leseni ya rubani binafsi, ile inayomruhusu kuendesha ndege ndogo kwa kujiburudisha lakini si kwa kutoza abiria nauli.

Wengi wanaojiunga na shule za urubani katika uwanja wa Wilson, Nairobi, hupiga hesabu ya mafunzo pekee: karo, mitihani na saa zipatazo 40 angani. Ni wachache wanaojiuliza watakavyomudu kuruka baada ya kufuzu. Si ajabu, basi, leseni kuishia kabatini.

Gharama ya kwanza ni kukodi ndege, ambako hutozwa kwa saa. Cessna 172, ndege inayotumiwa sana na wanagenzi, hubugia takriban lita 35 za mafuta kwa saa. Anayeruka saa moja tu kila mwezi atateketeza lita 420 kwa mwaka. Mafuta yenyewe si yale ya magari wala ya jeti. Ni petroli maalumu ya ndege, nayo huagizwa kutoka ng'ambo. Shilingi inapodhoofika, rubani huumia. Kwa hivyo, ni muhimu kuuliza mapema iwapo ada ya kukodi inajumuisha mafuta.

Pili, kuna gharama za kulinda leseni. Rubani hupimwa afya mara kwa mara, na kadiri umri unavyosonga ndivyo vipimo vinavyokaribiana. Isitoshe, haruhusiwi kubeba abiria ikiwa hajapaa na kutua angalau mara tatu katika siku 90 zilizotangulia. Akikawia, hana budi kulipia saa za kujinoa upya.

Je, kununua ndege ni nafuu? La, hasha, kwa anayeruka kwa nadra. Bima, ada za maegesho na ukaguzi wa kila mwaka hulipwa hata ndege isipoondoka ardhini. Injini nayo hufumuliwa na kuundwa upya baada ya takriban saa 2,000, na mmiliki mwenye busara huweka akiba ya kazi hiyo kila anaporuka. Ndiyo maana wengine hununua ndege kwa ubia.

Kubana matumizi kwa kupunguza saa za kuruka kuna hatari zake. Wilson uko takriban futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa huko ni nyepesi, injini hupungukiwa nguvu na ndege hukimbia masafa marefu zaidi kabla ya kupaa. Hapo si mahali pa mikono iliyoshika kutu.

Kwa hivyo, kabla ya kulipa karo ya kwanza, mwanafunzi atenge pia fedha za mwaka mmoja baada ya leseni. Asipoweza, heri asubiri hadi mfuko uruhusu.