Je, Wajua? Kocha wa makasia husaka wasichana wasiojua makasia

Je, wajua kwamba kocha wa makasia ya wanawake katika chuo kikuu cha Marekani anaweza kumchukua msichana ambaye hajawahi kukanyaga ndani ya mashua, na kabla hajahitimu wakawa pamoja kwenye fainali za taifa? Kwenye kikapu au kuogelea hilo halipo. Anayefika chuoni akiwa hajui mchezo ameshachelewa. Kwenye makasia ni kawaida. Wiki ya kujiandikisha, makocha na wasaidizi wao husimama mahali wanafunzi wapya wanapopita na kuangalia nani ana urefu na mabega. Wakimwona, humuuliza kama amewahi kuogelea, kukimbia au kucheza wavu. Swali la makasia halina umuhimu mkubwa, kwa kuwa shule nyingi za sekondari hazina mchezo huo kabisa.

Anita DeFrantz alinaswa hivyo hivyo. Mwaka 1971 alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili Connecticut College. Akipita chuoni akaona kitu kirefu chembamba kimewekwa nje, akamuuliza mwanamume aliyesimama karibu nacho ni kitu gani. Mwanamume yule, Bart Gulong, alikuwa kocha. Alimjibu kwamba ni mashua ya mbio, na kwamba yeye angeifaa sana. Miaka mitano baadaye DeFrantz alirudi kutoka Olimpiki ya Montreal na medali ya shaba. Mwaka 1986 aliingia Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, na mwaka 1997 akawa mwanamke wa kwanza kuwa makamu wa rais wa kamati hiyo. Montreal 1976 ndiyo iliyokuwa Olimpiki ya kwanza kuwaruhusu wanawake kushindana kwa makasia. Walipewa mita 1,000, wakati wanaume walikwenda 2,000. Umbali ulilinganishwa Seoul, mwaka 1988.

Je, wajua kwamba ajira nyingi za makocha hawa zimetokana na sheria moja? Title IX, iliyotiwa saini 23 Juni 1972, inakataza ubaguzi wa kijinsia katika taasisi ya elimu inayopokea fedha za serikali kuu ya Marekani. Vyuo vilipoanza kuhesabu wanamichezo wao vilikutana na tatizo: timu ya futiboli ya Kimarekani peke yake iliruhusiwa kufadhili wanaume 85, na wanawake hawakuwa na mchezo unaolingana nayo kwa wingi wa watu. Makasia yakawa jibu. Mashua moja hubeba wanane na mshika usukani wao, na chuo kinaweza kuwa na mashua kadhaa. Kwa miaka mingi, hadi kanuni zilipobadilishwa mwaka 2025, timu ya makasia ya wanawake iliruhusiwa kutoa ufadhili kamili wa watu 20, ambao kocha aliweza kuugawanya kwa wengi zaidi. Ndiyo maana hata leo mashindano ya taifa ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, yaliyoanza mwaka 1997, ni ya wanawake tu. Wanaume hushindana nje ya mfumo huo, ingawa wao ndio waliotangulia majini kwa zaidi ya karne.

Lakini sheria kwenye karatasi haikumpa mtu maji ya moto. Pale Chuo Kikuu cha Yale, timu ya wanaume na ya wanawake zote zilifanya mazoezi kwenye Mto Housatonic, mwendo wa basi kutoka chuoni. Katika banda la mashua kulikuwa na bafu za wanaume peke yake. Wasichana walimaliza mazoezi wakiwa wamelowa jasho na maji ya mto, katika baridi ya Connecticut, kisha wakakaa ndani ya basi kuwasubiri wanaume waoge. Wengine waliugua. Tarehe 3 Machi 1976, 19 kati yao waliingia ofisini kwa mkurugenzi wa michezo ya wanawake, wakavua nguo, na maneno “Title IX” yakaonekana yameandikwa migongoni na vifuani mwao. Nahodha wao, Chris Ernst, akasoma tamko. Mwandishi wa habari alikuwepo, na habari ikafika kwenye kurasa za New York Times. Bafu zikapatikana. Ernst alishiriki Olimpiki mwaka huohuo, akawa bingwa wa dunia mwaka 1986, na kazi aliyoichagua maishani ikawa ufundi bomba. Kila nikiisoma habari hii huwafikiria makocha wa miaka ile, waliokuwa wakidai ushindi kwa wasichana wasio na hata mahali pa kubadilishia nguo.

Je, wajua kwamba kocha haruhusiwi kusema na timu yake mbio zikishaanza? Hakuna mapumziko, hakuna mchezaji wa akiba, na ni marufuku kuwasiliana nayo kwa redio. Kwa dakika sita na kidogo, sauti pekee ndani ya mashua ni ya mshika usukani, ambaye hapigi kasia. Wale wanane wote wanakwenda kinyumenyume, migongo yao ikielekea mwisho wa mbio, na yeye peke yake ndiye anayeona mbele. Anaongoza mashua yenye urefu wa takriban mita 18, anahesabu makasia, na anaamua wakati wa kuongeza mwendo. Katika mashindano ya NCAA lazima awe na uzito wa ratili 110, yaani kama kilo 50. Akipungukiwa hubebeshwa uzito wa ziada.

Hapo ndipo alipotokea Yasmin Farooq, na kwangu mimi hakuna kocha anayeonyesha kazi hii vizuri kuliko yeye. Alikuwa mshika usukani wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, kisha wa mashua ya wanane ya taifa katika Olimpiki za Barcelona 1992 na Atlanta 1996. Hakupata medali hata moja huko. Atlanta walimaliza wa nne. Katikati, mwaka 1995 mjini Tampere, Finland, alitwaa ubingwa wa dunia. Baadaye sauti yake ikasikika kwenye televisheni akitangaza mbio za Olimpiki. Mwaka 2006 Stanford walimpa timu ya wanawake, na mwaka 2009 ikatwaa taji lake la kwanza la taifa. Mwaka 2016 alihamia Chuo Kikuu cha Washington, Seattle. Msimu wake wa kwanza pale ukaisha kwa jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea: kila chuo hupeleka NCAA mashua tatu, mbili za wanane na moja ya wanne, na mwaka 2017 Washington walishinda fainali zote tatu. Mwaka 2019 wakarudia.

Tatu kwa tatu si jambo la bahati. Chuo chenye nyota watano kinaweza kuwapanga wote mashua ya kwanza na kushinda mbio hizo. Ili mashua ya pili na ya wanne zishinde pia, kocha lazima awe amemnoa msichana wa ishirini na wa ishirini na tatu kwa bidii ileile. Jumla yao kwenye mashindano ni 23 hasa, ukiwahesabu washika usukani. Kule chuoni timu inaweza kuwa na wengi mara kadhaa zaidi ya hao, na wengi wao huamka kabla ya jua bila hakika ya kupangwa.

Basi kocha humjuaje anayestahili? Mashine ya mazoezi humpa muda wa kila mmoja katika mita 2,000, lakini mashine haiyumbi wala haina mwenzako mgongoni. Wapo wanaotisha kwenye mashine na kuivuruga mashua. Kwa hiyo hutumia mtihani wa kubadilishana viti. Mashua mbili za wanne zinashindana, tuseme ya kwanza ikashinda kwa sekunde mbili. Kocha, akiwa kwenye boti yake ya injini, anaziita zikae ubavu kwa ubavu palepale majini. Anataja majina mawili. Wasichana hao wanavuka kwa uangalifu, kila mmoja akakalia kiti cha mwenzake, na mbio zinarudiwa. Ikiwa sasa mashua ya pili ndiyo inayoshinda kwa sekunde moja, mabadiliko ni ya sekunde tatu, na waliohama ni wawili tu. Hapo hakuna cha kubishana. Mara nyingi anayepita ni yule ambaye hakuna aliyemtazamia.

Hata kocha huweza kuanza bila kujua mchezo. Banda la mashua la Washington linaitwa Conibear. Hiram Conibear alipopewa timu ya makasia mwaka 1907 alikuwa hajui kitu. Kazi yake ilikuwa kutunza viungo vya wanamichezo. Husimuliwa kwamba aliazima mifupa ya binadamu ya kufundishia chuoni, akaikalisha kama mpiga makasia na kuifungia fimbo ya ufagio mikononi, ili aone viungo vinavyokunjwa. Mtindo alioubuni ulienea nchi nzima. Alifariki mwaka 1917 baada ya kuanguka kutoka kwenye mti wa matunda.

Katika banda hilohilo Jan Harville, mwanafunzi wa zamani wa chuo hicho, aliiongoza timu ya wanawake kuanzia 1987 hadi 2003. Yeye ndiye aliyetwaa taji la NCAA la kwanza kabisa, la 1997, kisha la 1998 na la 2001. Nawataja yeye na Farooq pamoja kwa makusudi. Mwaka 1972 zaidi ya asilimia 90 ya timu za wanawake vyuoni, michezo yote, zilikuwa na kocha mwanamke. Fedha na mishahara vilipokuja, wanaume wakazifuata kazi hizo, na kufikia 2014 kiwango kilikuwa asilimia 43. Wapo wanaume waliofanya kazi kubwa, kama John Murphy aliyekipa Chuo Kikuu cha Brown mataji saba. Hata hivyo, sheria iliyowafungulia wasichana mashua imewapunguzia wanawake kiti cha kocha, na hilo si haki.

Na kwetu? Je, wajua kwamba Kathleen Noble, mzaliwa wa Kampala kwa wazazi wa Ireland, alikuwa muogeleaji wa Uganda alipokwenda kusoma Princeton? Huko ndiko alikojifunzia makasia, katika timu ya wanawake wepesi, akiwa mgeni kabisa wa mchezo huo. Katika michezo ya Tokyo iliyofanyika 2021 akawa mpiga makasia wa kwanza wa Uganda katika Olimpiki, na mwaka 2024 akarudi tena Paris.

Kama una binti au mdogo wako anayekwenda kusoma Marekani, hasa aliye mrefu na mwenye pumzi, mwambie wiki ya kwanza akaulize timu ya makasia iko wapi. Kutojua mchezo si kikwazo. Ajue kuogelea tu, na asichelewe kujiandikisha.